SOMO LA WAFANYAKAZI: JUA, UNGA WA TITANIAMU NA MAJI YA RANGI



Somo letu safari hii linahusu maji: maji tunayokunywa na maji yanayotoka viwandani. Siku hizi husikika habari za unga wa kisayansi ambao ukitiwa katika maji machafu na kuwekwa juani huvunja rangi na kuua vijidudu. Wako wanaosema kuwa huo ni uongo wa wachuuzi. Wako wanaosema kuwa sasa tatizo la majitaka ya viwanda limekwisha, tungoje tu unga ufike. Wote wawili hawajasema kweli. Unga huo upo na unafanya kazi, lakini kazi yake ina mipaka, na mfanyakazi asiyeijua mipaka hiyo atadanganywa kirahisi.

Tusome polepole, na kila kikundi kijadili maswali yaliyo mwishoni.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Kwanza, kwa sababu ya maradhi. Kuanzia Machi 2022 hadi mwaka 2023 Malawi ilipigwa na kipindupindu kibaya kuliko kingine chochote katika historia yake. Waliougua walizidi 58,000 na waliokufa walizidi 1,700. Lilongwe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Wengi wetu tusomao ukurasa huu wa Kiswahili, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda au Tanzania, tunaishi Dzaleka au tuna ndugu huko. Kambi hiyo ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994, na watu waliomo sasa ni mara kadhaa ya idadi iliyopangiwa. Mahali pa msongamano kama huo, ndoo moja ya maji mabaya huweza kuugulisha nyumba nyingi.

Pili, kwa sababu ya kazi. Nguo za pamba haziwi na rangi zenyewe. Vitenje vya Blantyre kutoka kiwanda kilichojulikana miaka mingi kwa jina la David Whitehead, na vitenge vya Urafiki, Dar es Salaam, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968, vyote vilipita katika mikono ya watu waliopima rangi, wakaichanganya, wakaichemsha na kuisuuza. Na mama anayetengeneza batiki uani kwake hufanya kazi ileile kwa beseni.

2. RANGI HUPOTELEA WAPI

Rangi inapotiwa kwenye pamba, si yote inayoshika uzi. Katika rangi zitumikazo sana kwa pamba leo, kati ya kila sehemu kumi, sehemu moja hadi tano huweza kukataa kushika na kubaki majini. Maji hayo husuuzwa na kumwagwa. Hayaendi na rangi peke yake, bali na chumvi nyingi, magadi, sabuni na joto.

Maji ya rangi yakiingia mtoni huzuia mwanga usifike chini. Majani ya majini hukosa mwanga, nayo hewa ya oksijeni ndani ya maji hupungua, na samaki hukosa pumzi. Tena rangi hizi zimetengenezwa makusudi zisichujuke kwa jua wala kwa sabuni. Sifa hiyo ndiyo inayomfurahisha mnunuzi wa kitenje, na ndiyo hiyohiyo inayoufanya mto ushindwe kuzivunja.

Lililo kubwa zaidi kwetu ni afya ya mwenye kushika rangi. Mwaka 1895 daktari wa Kijerumani, Ludwig Rehn wa Frankfurt, alitangaza kuwa ameona saratani ya kibofu cha mkojo kwa watu waliofanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza rangi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa hatari kubwa ilitokana na kemikali za jamii iitwayo amini, hasa benzidini na ndugu zake. Uingereza ilipiga marufuku baadhi ya kemikali hizo kwa kanuni za mwaka 1967. Nchi za Umoja wa Ulaya, mwaka 2002, zilipiga marufuku nguo zenye rangi ambazo zikivunjika hutoa amini 22 zilizotajwa. Hesabuni wenyewe: kutoka onyo la daktari mpaka kanuni za Uingereza ni miaka 72. Katika miaka hiyo yote waliopima rangi kwa mkono walikuwa wafanyakazi.

Kumbukeni neno hili: rangi ikivunjika vibaya, maji huweza kuwa meupe huku sumu imebaki. Tutalirudia.

3. UNGA UNAFANYAJE KAZI

Mwaka 1972 wanasayansi wawili wa Japani, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza kuwa kitu kiitwacho dioksidi ya titaniamu kikipigwa na mwanga huweza kupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Kitu hicho si kigeni kwetu. Ndicho kinachoifanya rangi ya ukutani iwe nyeupe, na kimo pia katika dawa nyingi za meno. Mwaka 1985 Wajapani wengine, Tadashi Matsunaga na wenzake, walionyesha kuwa unga huohuo ukichanganywa na platini na kupigwa na mwanga huua bakteria majini.

Siri yake ni hii. Ndani ya kila chembe ya unga mna elektroni zilizotulia mahali pake. Mwanga wenye nguvu ukiipiga chembe, elektroni moja huruka na kuacha pengo. Elektroni iliyoruka huikamata oksijeni iliyo majini. Pengo nalo huvuta elektroni kutoka katika maji yenyewe. Hapo huzaliwa vipande vidogo vikali, kikali zaidi kikiitwa haidroksili. Kipande hiki huishi muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini kinachokutana nacho hukitafuna. Kikikutana na rangi, hukata viungo vyake. Kikikutana na bakteria, hutoboa ngozi yake, naye hufa.

Unga wenyewe hauliwi. Kitu cha namna hii huitwa kichocheo. Mliofanya kazi kwenye mnada wa tumbaku pale Kanengo mtaelewa upesi. Mnadi huwakutanisha mwenye tumbaku na mnunuzi, biashara ikafanyika, marobota yakaondoka, naye mnadi akabaki palepale akiita bei ya robota linalofuata. Unga wa titaniamu ndiye mnadi, na mwanga ndio mshahara wake. Usipolipa mwanga, hafanyi kazi.

4. "NANO" NA "MCHANGANYIKO" MAANA YAKE NINI

Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kiasi cha nanomita 80,000 hivi. Kwa nini kusaga unga mpaka udogo huo? Kwa sababu kazi yote hufanyika juu ya ngozi ya chembe, si ndani yake. Chukua kipande chenye pande sita, kila upande sentimita moja. Ngozi yake yote ni sentimita za mraba 6. Kikate kiwe vipande vya nanomita 10 kila upande, na ngozi za vipande vyote zitafika mita za mraba 600, yaani kupita kiwanja kizima cha netiboli. Uzito ni uleule, mahali pa kufanyia kazi pameongezeka mara milioni.

Lakini unga huu ukiwa peke yake una kasoro tatu. Kwanza, hauli mwanga wowote tu. Hutaka mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana ambayo huichoma ngozi. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, mionzi hiyo ni kama sehemu 4 au 5 tu. Pili, elektroni iliyoruka hupenda kurudi kwenye pengo lake kabla haijafanya kazi. Tatu, unga mwembamba hivyo ni taabu kuutoa majini.

Hapo ndipo wataalamu wanapotengeneza mchanganyiko wa nano. Huunganisha titaniamu na kitu kingine ili kimoja kifunike kasoro ya mwenziwe. Fedha, ile ya kutengenezea pete, huishika elektroni isirudi upesi, na yenyewe pia huua vijidudu. Vitu vingine huuwezesha unga kula mwanga wa kawaida unaoonekana. Oksidi ya chuma yenye usumaku huwezesha unga kukusanywa kwa sumaku baada ya kazi. Udongo wa mfinyanzi au makaa huvuta rangi iusogelee unga. Wengine hutumia oksidi ya zinki badala ya titaniamu.

Msidhani elimu ya nano ni ya watu wa mbali tu. Dakta Askwar Hilonga, Mtanzania aliyezaliwa kijiji cha Gongali huko Karatu na kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya uhandisi iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lake si kichocheo cha mwanga. Hilo huchuja na kunasa. Lakini limetengenezwa kwa kutazama maji ya mahali husika, kama vile maji ya kaskazini mwa Tanzania yenye floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa. Hilo ni funzo: kwanza ujue ndani ya maji yako mna nini, ndipo uchague dawa.

5. MIPAKA YA UNGA HUU

Sasa tufike mahali ambapo mfanyakazi hudanganywa.

Kwanza, maji meusi huzuia mwanga. Majaribio mengi ya maabara hufanywa kwa maji yenye rangi kidogo sana, ya aina moja, katika chombo kidogo. Maji yatokayo kwenye pipa la kutia rangi huwa mazito, na mwanga huishia juu. Kwa hiyo kichocheo hakiwezi kuwa kazi ya kwanza kiwandani. Kwanza yaje mabwawa ya kusawazisha joto na ukali wa maji, kisha kutuliza uchafu kwa shabu au dawa nyingine, kisha vijidudu wa kula uchafu, na mwisho kabisa ndipo mwanga upewe mabaki.

Pili, chumvi haiondoki. Kichocheo hakivunji chumvi, na chumvi nyingi hupunguza nguvu ya vile vipande vikali.

Tatu, rangi kupotea si sumu kupotea. Molekuli ya rangi hukatwa kipande kwa kipande. Kiungo kinacholeta rangi hukatika mapema, na maji huwa meupe. Vipande vilivyobaki huhitaji muda zaidi mpaka viishe. Kwa hiyo mkionyeshwa chupa mbili, moja nyekundu na moja nyeupe, ulizeni: mmepima nini zaidi ya macho? Mmepima kiasi cha oksijeni ambacho maji haya yatakihitaji? Mmewapima samaki ndani yake?

Nne, unga wenyewe una hatari yake ukiwa vumbi. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka dioksidi ya titaniamu katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu, kutokana na ushahidi wa wanyama waliovuta vumbi lake. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliiondoa katika vyakula. Ukutani haina neno, lakini anayefungua mfuko na kuukung'uta huvuta vumbi. Dawa ya kusafisha mto isiwe ugonjwa wa mapafu kwa anayeimimina.

6. JUA BILA UNGA: KAZI YA LEO NYUMBANI

Basi tungoje? Hapana. Kwa vijidudu, jua lenyewe lina nguvu hata bila unga wowote. Profesa Aftim Acra na wenzake wa Beirut, Lebanon, walieleza njia hii karibu na mwaka 1980. Ilijaribiwa kwa Wamasai wa Kajiado, Kenya. Kipindupindu kilipoingia huko, kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokuwa wakinywa maji yaliyoanikwa juani, waliougua walikuwa 3. Kati ya watoto 144 wa rika hilo ambao maji yao hayakuanikwa, waliougua walikuwa 20. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001. Kwa watoto wakubwa na watu wazima tofauti haikuonekana wazi, lakini kwa wadogo ilikuwa wazi kabisa. Na hapa Malawi, kati ya mwaka 2016 na 2020, mradi ulioitwa WATERSPOUTT ulijaribu huko Chikwawa ndoo angavu za lita 20 badala ya chupa ndogo.

Njia yenyewe ni hii:

(a) Tumia chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi. Toa karatasi yake. Kamwe usitumie chupa iliyowahi kutiwa dawa ya shambani, hata uioshe mara kumi.

(b) Maji yawe maangavu. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti. Ukitazama kutoka mdomoni mpaka chini na kuweza kusoma kichwa cha habari, maji yanafaa. Kama huwezi, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi. Mbegu za mlonge, ambao Wachewa huuita chamwamba, zikisagwa husaidia kutuliza tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walizijaribu katika mtambo wa maji wa Thyolo zikafanya kazi vizuri. Lakini mlonge hutuliza tope, hauui vijidudu vyote.

(c) Laza chupa juu ya bati, mahali pasipo kivuli, kwa saa sita, kwa mfano tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, ziwe siku mbili mfululizo. Siku ya mvua ya kutwa, chemsha au tumia klorini.

(d) Kunywa kutoka chupa ileile. Ukimimina katika chombo kichafu umepoteza kazi yote.

Watafiti wamejaribu kupaka ule unga wa titaniamu ndani ya chupa ili kazi iende upesi. Ni jambo jema, lakini chupa tupu inatosha kwa leo. Na tuelewane: njia hii huua vijidudu. Haiondoi rangi ya kiwandani, wala dawa ya tumbaku na chai, wala floraidi. Mfanyakazi wa shamba asimpe mtoto wake maji ya mfereji ulio chini ya shamba lililonyunyiziwa dawa kwa kudhani jua limeyatakasa.

7. TITANIAMU IKO CHINI YA MIGUU YETU

Wengi hawajui kuwa madini ya kazi hii yako jirani nasi. Huko Kasiya, kaskazini-magharibi ya Lilongwe, kampuni ya Sovereign Metals ya Australia ilitangaza kugundua mojawapo ya hazina kubwa kabisa duniani za rutaili. Rutaili ndiyo dioksidi ya titaniamu katika hali ya mchanga. Tutazame mfano wa Kwale, Kenya. Kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba huko mwaka 2013 na kumaliza mwishoni mwa mwaka 2024. Mchanga wa titaniamu ulipakiwa melini Likoni, Mombasa (si Likuni yetu hii), ukapelekwa ng'ambo ukiwa mchanga uliochambuliwa, na kazi ya kuugeuza unga mweupe ikapata watu wa huko. Swali la wapi madini yatasafishwa, nani atapata kazi na nani atavuta vumbi, ni swali la vyama vya wafanyakazi.

8. CHAMA KIDAI NINI

Malawi inayo Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya mwaka 1997, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2017. Sheria isiyosomwa na wafanyakazi hulala kabatini. Kila tawi lenye kazi ya rangi, ngozi au dawa lidai haya:

Kwanza, majina ya kemikali zote, na karatasi ya usalama ya kila moja, isomwe kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaielewa.

Pili, glavu, aproni, na kinga ya pua inayofaa kwa wapima unga, pamoja na feni ya kuvuta vumbi. Unga wa baadhi ya rangi za pamba huleta pumu kwa wanaouvuta.

Tatu, maji safi ya kunywa, na mahali pa kula mbali na mapipa.

Nne, vipimo vya majitaka kabla hayajatoka, na nakala ipewe kamati ya wafanyakazi.

Tano, mwajiri akisema ataleta mtambo mpya wa mwanga na nano, akaribishwe. Lakini aseme tarehe, aseme gharama, aseme nani atafundishwa kuuendesha, na mabwawa ya kawaida yajengwe wakati huohuo. Ahadi ya sayansi ya kesho isiwe kisingizio cha kumwaga leo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kazi yako, ni unga gani unaoushika bila kujua jina lake?
2. Maji ya kiwanda au shamba lako yanakwenda wapi, na nani anayateka chini huko?
3. Kwa nini maji meupe yanaweza kuwa na sumu bado?
4. Ni nyumba ngapi katika kikundi chenu zinazoweza kuanika chupa wiki hii? Nani atawatembelea wazee na wenye watoto wachanga kuwaonyesha?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaandikwe na kupewa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, yawe sehemu ya ajenda.

Umoja ni nguvu.